Majani, Pori na Mafunjo: Historia ya Mimea ya Nchi Yetu, Iga Barrière

Tunapoandika juu ya mila tunaandika mingi juu ya ngoma, ndoa, na majina ya koo. Mambo hayo ni mazuri. Lakini kuna historia nyingine inayosimama mbele ya macho yetu kila siku, na sisi tunapita pembeni yake bila kuisalimia. Ni historia ya mimea. Wababu wetu hawakuwa na kitabu wala ramani. Walisoma nchi kwa kutazama kitu kinachoota juu yake. Mahali pa majani marefu walijua udongo gani uko chini. Mahali pa mafunjo walijua maji hayako mbali. Mahali pa mti fulani walijua kwamba kijiji kilikuwa pale zamani.

Kwa sisi wa Iga Barrière jambo hili haliko mchezo. Tuko katika teritwari ya Djugu, kaskazini ya Bunia, kando ya barabara ya taifa namba 27 inayopanda kwenda Mahagi, pale ambapo njia ya Nizi na Mongbwalu inaachana nayo. Neno « barrière » ni la Kifaransa, maana yake kizuizi cha barabarani. Basi, hata mimea tunaweza kusema imekuta kizuizi chake katika nchi yetu, kwa sababu tunakaa karibu na mpaka wa ulimwengu mbili: pori kubwa la Ituri upande wa magharibi, na nchi ya majani upande wa mashariki.

1. Nchi nne katika safari moja

Mtu akitoka Epulu, katikati ya pori, anakuwa kwenye kimo cha meta 750 hivi juu ya bahari. Akifika Bunia amepanda mpaka karibu meta 1,270. Akiendelea kwenye Milima ya Bluu, kuna vilele vinavyopita meta 2,400. Kiisha, akishuka upande wa pili, anateremka ghafla katika bonde la ufa mpaka Ziwa Albert, ambalo liko kwenye meta 620 tu, penye joto na mvua kidogo. Ni safari ya siku chache kwa gari ikiwa barabara ni nzima. Lakini ndani ya safari hiyo moja mtu amepita nchi nne: pori la mvua, majani ya mlima, mabonde ya mafunjo, na uwanda mkavu wa ziwa.

Kila nchi kati ya hizo nne ina masharti yake. Katika pori maji ni mengi lakini mwangaza ni haba. Katika majani mwangaza ni mwingi lakini kuna moto na meno ya ng'ombe. Katika mafunjo maji yamezidi mpaka mizizi inakosa hewa. Katika uwanda wa Kasenyi jua linataka kunywa kila tone. Mmea hauwezi kukimbia kama mnyama. Unapoota ndipo utakapokufa. Kwa hiyo umbo lake lote, mzizi, shina, jani na mbegu, limetengenezwa ili ujibu masharti ya mahali pake.

2. Makundi ya mimea, kwa ufupi

Wanasayansi wanagawa mimea ya nchi kavu katika makundi makubwa, na yote tuko nayo hapa kwetu.

Kundi la kwanza ni yale majani madogo sana, laini kama manyoya, yanayofunika mawe ya mto na maganda ya miti. Hayana mizizi ya kweli wala mishipa ya kupandisha maji mbali, ndiyo maana hayarefuki. Yanakunywa kwa mwili mzima kama kitambaa. Kundi la pili ni kangaga. Hizi ziko na mishipa na mizizi, lakini hazina maua wala mbegu. Geuza jani lake utaona vidoadoa vya rangi ya kahawia chini. Ndimo mnamotoka vumbi lao la kuzaa. Vumbi hilo linataka unyevu ili lifanye kazi, ndiyo sababu kangaga nyingi zinapenda kivuli na kando ya chemchemi.

Kundi la tatu ni miti yenye mbegu zisizofunikwa na tunda, kama misipresi iliyopandwa kwenye misioni na viwanja vya makanisa. Kundi la nne, ambalo ni kubwa kuliko yote, ni mimea ya maua. Nayo inagawanyika mara mbili. Kuna ile ambayo mbegu yake inatoa jani moja kwanza, na mishipa ya majani yake inakwenda sambamba: mahindi, mtama, migomba, mafunjo, na majani yote ya malisho. Na kuna ile inayotoa majani mawili: maharagi, kahawa, mwavoka, na miti mingi ya pori. Mtoto wa shule anaweza kuhakikisha jambo hili kwa kupanda punje ya hindi na punje ya haragi ndani ya mkebe mmoja. Kwa siku chache atakuwa amejua mgawanyiko ambao wakubwa wengi hawaujui.

3. Pori: vita vya mwangaza

Katika pori la Ituri mvua ni karibu milimeta 1,700 kwa mwaka. Miti mirefu inafunga juu kama paa, na mwangaza unaofika chini ni mdogo sana. Hapo kila mmea una ujanja wake.

Miti mikubwa mingi inaota katika udongo wenye rutuba juu juu tu, kwa hiyo mizizi yao haiendi chini sana. Ili isianguke, inatoa kuta pana kwenye shina, kama mbao zilizosimamishwa kushikilia nyumba. Majani ya miti mingi yana ncha ndefu, maji ya mvua yateleze na jani likauke upesi. Kamba za pori, zile tunazoita kekele, hazipotezi nguvu kujenga shina nene: zinapanda juu ya mgongo wa wengine mpaka kwenye jua. Na kangaga na okidi nyingine zinakaa juu ya matawi, bila kumnyonya mwenye mti. Zinataka tu nafasi na maji yanayopita.

Mti wa mbau ndio wenye historia ya ajabu zaidi. Wataalamu wanauita Gilbertiodendron dewevrei. Pori la mvua kwa kawaida linachanganya miti ya aina nyingi, lakini kuna sehemu kubwa za Ituri ambako mbau imetawala karibu peke yake. Juu ya nini? Mbegu yake ni nzito, haiendi mbali, inaanguka chini ya mama yake. Mche wake unaweza kuvumilia kivuli miaka mingi ukingoja nafasi. Majani yake yanayoanguka yanaoza polepole na kufunika chini, hata mbegu ndogo za miti mingine zinakosa pa kushika udongo. Tena mizizi yake inafanya urafiki na kuvu wa ardhini wanaousaidia kupata chakula. Kwa njia hiyo, bila haraka, mbau inabaki na nchi yake.

Wambuti walisoma pori hili kabla ya chuo chochote. Wanajua jani la mangongo, lile pana lenye kikonyo kirefu, linaloota chini ya miti mahali ambapo mwangaza kidogo umepenya. Jani limekuwa pana sababu linatafuta mwangaza. Na kwa sababu ni pana, limekuwa paa la nyumba za Wambuti na karatasi ya kufungia chakula. Vilevile wanajua miti ya jamii ya mtini ambayo ganda lake linapondwa mpaka linakuwa nguo. Ng'ambo, huko Buganda, nguo kama hiyo ilitambuliwa na UNESCO mwaka 2005 kuwa hazina ya utamaduni wa dunia. Wanachuna ganda, wanafunika shina kwa majani ya mgomba, na mti unaota ganda jipya. Ni watu walioelewa kwamba njia za maji za mti huo ziko ndani zaidi, na kwamba usipokata ndani mti hautakufa.

4. Majani: wenye uhai chini ya ardhi

Mwaka 1887 Stanley alipita katika nchi yetu akimtafuta Emin Pasha. Msafara wake, ambao wapagazi wake wengi walikuwa Waswahili wa Unguja, ulikaa ndani ya pori zaidi ya miezi mitano, katika njaa na magonjwa. Mwezi wa Desemba walitoka ghafla wakaona majani ya kijani na mbingu wazi, na furaha yao imeandikwa katika historia. Wale watu waliona kwa macho yao mpaka ambao sisi tunakaa karibu nao mpaka leo.

Kwa nini pori linaishia pale? Mvua inapungua kidogo, kimo kinapanda, lakini moto na mifugo vinasaidia pia. Wakati wa kiangazi, Desemba mpaka Februari, majani yanakauka na moto unapita. Mche wa mti wa pori una kikonyo chake cha kuotea juu; ukiungua, umekwisha. Majani kinyume chake yana sehemu ya kuotea chini kabisa, karibu na udongo au ndani yake. Moto unakula juu, ng'ombe anakula juu, lakini mvua ya kwanza ikipiga, majani yanatoka tena. Yule mkulima aliyewahi kupambana na majani yenye ncha kali kama sindano shambani mwake anajua: unalima, unachoma, unasema nimemaliza, kumbe shina lake linatembea chini ya udongo na ukilikata vipande, kila kipande kinakuwa mmea.

Miti inayoishi katikati ya majani imejifunza namna nyingine. Ule wenye maua mekundu, Erythrina abyssinica, una ganda nene la kama kizibo, linalokinga ndani wakati moto unapita. Unaangusha majani kiangazi, na unatoa maua wakati haujavaa majani, ndege wayaone toka mbali. Chini kabisa, kwenye uwanda wa Ziwa Albert, kuna mti wa mnyaa mkubwa unaosimama kama kinara cha taa. Huo umeacha karibu majani yote. Shina lake la kijani ndilo linalofanya kazi ya jani na kuweka maji, na maziwa yake makali yanafukuza wanyama.

Hapa ndipo maisha ya watu wetu yanapoungana na umbo la mimea. Mchungaji alitaka majani mafupi mapya, kwa hiyo alichoma. Mkulima wa mtama na uwele alitaka udongo uliopumzika. Mjenzi wa nyumba alitaka yale majani marefu magumu ya kuezekea, kwa hiyo alikata kiangazi, yakiwa yamekauka kwenye shina. Mazungumzo mengi ya barza za zamani yalikuwa juu ya nani achome wapi na lini. Hatutaki kuingia hapa katika maneno ya nani alitangulia kufika. Tunasema tu kwamba mchungaji, mkulima na mtu wa pori walihitajiana: maziwa na siagi, nafaka, nyama na asali vilipita mikononi kwa sababu kila mmoja alikaa karibu na mimea tofauti.

5. Mafunjo: figo za nchi

Shuka katika bonde lolote ambalo halijaharibiwa utakuta mafunjo. Kata shina moja: lina pembe tatu, na ndani limejaa kitu cheupe chepesi kama sponji. Ile ni njia ya hewa. Mizizi iko ndani ya tope lisilo na hewa, kwa hiyo mmea unapeleka hewa toka juu. Mashina ya chini yanasukana na kufanya kama mkeka mnene juu ya maji. Maji yenye tope yakipita humo yanapunguza mwendo, tope linabaki, maji yanatoka safi zaidi. Kwa hiyo mafunjo ni kama figo katika mwili wa mtu.

Wamama wetu walikata mafunjo kufuma mikeka, wakaacha shina la chini, nayo yakaota tena. Leo mabonde mengi yamelimwa mboga, ama yamechimbwa. Tangu 1982, wakati serikali ya Zaire ilipofungulia wananchi uchimbaji wa zahabu kwa mikono, vijito vingi vya upande wa Nizi, Bambu na Mongbwalu vimegeuzwa tumbo juu. Mchimbaji anatafuta chakula cha watoto, hatumhukumu. Lakini ajue kwamba mafunjo yakitoka, kijito kinapoteza figo zake, na mama wa kijiji cha chini ndiye anayekunywa tope.

6. Mimea iliyokuja na wageni

Tukisema « chakula cha wababu », mara nyingi tunataja mgeni. Mgomba ulitoka Asia. Unaonekana kama mti lakini haiko mti: shina lake ni majani yaliyokunjana. Ndizi zetu hazina mbegu, tunapanda machipukizi, ni kusema shamba zima linaweza kuwa mwili mmoja uliogawanywa. Ndiyo maana ugonjwa wa mnyauko, ulioonekana Kivu ya Kaskazini mwaka 2001 na baadaye ukafika Ituri, uliumiza sana. Unapita kwa panga lisilosafishwa na kwa wadudu wanaotembelea ua la chini. Mwenye kujua umbo la mgomba anakata ua lile kwa mti wa panda, bila panga, na anaokoa shamba.

Mihogo ilitoka Amerika ya Kusini. Wareno waliileta pwani ya magharibi katika karne ya 16. Tunachokula ni mzizi, na majani yake ndiyo sombe. (Kiazi kitamu nacho ni mzizi, kiazi cha Kizungu ni shina lililovimba, lile jicho lake ndilo chipukizi.) Muhogo mchungu unajilinda kwa sumu. Wamama walijifunza kuloweka, kukausha na kutwanga mpaka sumu itoke. Katika siku za kukimbia, watu wenye njaa wanafupisha kazi hiyo, na hatari iko kubwa: huko Bandundu ugonjwa wa konzo, unaolemaza miguu, umejulikana kwa sababu hiyo.

Kiisha kuna mkalitusi. Zahabu ya Kilo ilijulikana kwa Wazungu mwaka 1903, na kampuni ya Kilo-Moto ikaundwa mwaka 1926. Kazi nyingi, watu wengi, kuni nyingi. Wakati wa ukoloni mikalitusi toka Australia ilipandwa katika nyanda za juu, na kituo cha utafiti cha Nioka, chini ya INEAC iliyoundwa mwaka 1933, kilifanya kazi ya kilimo na mifugo ya nchi hizi za juu. Mkalitusi unafaa: unakua upesi, ukikatwa unachipuka, unatupa nguzo, mbao, makala na kuni za kuchomea matofali. Lakini angalia umbo lake. Majani yake marefu yananing'inia chini ili jua kali lisiyapige usoni, na mizizi yake inatafuta maji kwa nguvu. Mahali pakavu huo ni ujanja wa kuishi. Ukiupanda juu ya chemchemi, mti huo unakunywa maji ya kijiji.

7. Mti kama shahidi

Sasa tunafika kwenye jambo linalotuuma. Katika mila za watu wengi wa eneo letu, mtu akipanda mti wa kudumu juu ya ardhi, anasema: hapa ni pangu. Muhindi unakaa miezi michache, haudai kitu. Mti unakaa kuliko mtu. Huko Kilimanjaro Wachaga wanatumia isale kuonyesha mpaka na kuomba amani. Isale inafaa kazi hiyo kwa sababu ya umbo lake: tawi likichomekwa linaota, na halifi upesi.

Sheria ya ardhi ya Julai 1973 ilisema ardhi yote ni ya serikali, na kwamba haki za watu juu ya ardhi za mila zingepangwa na amri nyingine. Amri ile haikutoka. Basi mwenye karatasi alikuwa na karatasi, na mwanakijiji alibaki na miti yake na maneno ya wazee. Ugomvi juu ya mashamba makubwa yaliyoachwa na wakoloni ulikuwa moja ya cheche za vita vya 1999 mpaka 2003 hapa Ituri. Tangu Desemba 2017 Djugu iliwaka tena. Watu walikimbia, nyumba zikachomwa, mashamba yakarudi kuwa majani. Aliyekimbia akirudi anauliza: mpaka wangu uko wapi? Na mara nyingi kinachojibu ni mwavoka wa babu, ama kisiki cha mkalitusi kilichochipuka, ama migomba iliyojificha ndani ya majani marefu. Lakini shahidi huyo anaweza kusema uongo. Mkalitusi unakua upesi. Mtu anaweza kupanda leo juu ya ardhi ya mwenzake aliyekimbia, na baada ya miaka mitano akaonyesha « miti yangu ya zamani ». Kijana asiyejua mimea hawezi kutofautisha mti wa miaka mitano na kisiki cha miaka hamsini. Mzee anajua. Mzee akifa, ushahidi umekwenda naye.

Kuna mtu mmoja ambaye mfano wake unafaa hapa. Corneille Ewango, mtaalamu wa mimea, mkongomani, alikuwa anafanya kazi Epulu, katika Hifadhi ya Okapi iliyoundwa mwaka 1992. Vita vilipofika wengi walikimbia. Yeye alibaki, akaficha mkusanyo wa majani makavu yaliyoandikwa majina yao, yeye mwenyewe akajificha porini. Mwaka 2005 alipewa tuzo ya Goldman kule Marekani. Mtu anaweza kucheka: kuhatarisha maisha juu ya majani makavu? Lakini yale majani yalikuwa kumbukumbu ya nchi. Baada ya vita yalikuwepo, na kazi iliendelea.

8. Tunaomba nini

Wasemaji wa Kiswahili wanasema: mwacha asili ni mtumwa. Watoto wengi wa kwetu wamezaliwa au kukua katika makambi ya wakimbizi, chini ya shiti za plastiki. Wanajua jina la unga wa msaada, hawajui jina la mti uliokuwa mbele ya nyumba ya babu yao, katika Kihema, katika Kilendu, wala katika Kiswahili.

Kwa hiyo tunaomba mambo manne. Moja, kila familia itembee na mzee wake kwenye shamba ikiwa usalama unaruhusu, na kuandika miti ya mpaka, majirani wa pande zote mbili wakiwepo, hata kama ni wa kabila lingine. Zaidi sana kama ni wa kabila lingine. Mbili, mikalitusi ipandwe kwenye milima mikavu, iachwe mbali na chemchemi na mabonde. Tatu, kila kijito kiachiwe mafunjo yake, hata kipande. Nne, walimu watoe watoto nje ya darasa wakafundishe mimea pale inapoota, na waulize jina lake katika lugha zote za kijiji.

Sisi tunakaa kwenye mpaka wa pori na majani. Mimea ya pande zote mbili imejua siku nyingi namna ya kuishi kwenye mpaka huo: kila moja kwa umbo lake, na kila moja ikimwachia mwenzake mwangaza kidogo.